Sweta la Alpaka la Baba Mkwe

Katika miaka yote niliyoishi Ibaba, milimani kwa wakwe zangu Wandali, sikuwahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa fimbo yake kwenye mawe ya uani, na kwa miguu yake, maana kupitia upenyo wa mianzi ya jiko niliweza kuona miguu tu na si zaidi. Miguu mirefu, mikavu, yenye vidole vilivyoachana. Wajukuu zangu wakisikia hivi hucheka mpaka wanashika mbavu. "Bibi, mlikuwa mnakaa uani pamoja, halafu humwoni?" Simwoni! Na yeye hanioni. Ndiyo ilikuwa heshima.

Mimi ni Mnyiha wa Ruanda, huko Mbozi, na kwetu pia mkwe anaheshimiwa. Lakini ukoo ule wa Kindali ulituzidi. Kwao mkamwana hakutani njiani na baba wa mumewe, hataji jina lake wala neno linalokaribia jina lake, hagusi kigoda chake, bakuli lake, blanketi lake, wala nguo yoyote iliyokwisha kugusa mwili wake. Akisikia anakuja, aingie kichakani. Pasipo na kichaka, ajifunike khanga uso mzima na kugeukia ukuta mpaka mzee apite. Na kama yuko jikoni, mzee akaamua kukaa uani kuota jua, basi, mwenzangu, jiko limekuwa gereza lako mpaka jua lenyewe limchoshe. Baba mkwe wangu hakuchoshwa na jua upesi.

Niliolewa baada tu ya vita ya pili ya Wazungu. Baba mkwe alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja huko kwetu Mbozi, na mwanawe alikuwa akichuma kahawa hapo hapo. Tukaonana na huyo mwana, tukapendana, mahari ikatoka. Haukupita muda mzungu akauza shamba na kurudi kwao, mpishi naye akarudi milimani kwake na ukoo mzima, mimi nikiwa kama mzigo mmojawapo. Nikazaa binti. Mtoto alipoanza kusimama dede, mume wangu akapita Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba kule Rodeshia. Alisema anakwenda mwaka mmoja. Wote huaga hivyo hivyo.

Nikabaki na mama mkwe, na wifi yangu ambaye alikuwa hajaolewa, na binti yangu, na kikohozi cha uani.

Kama hujafika Ibaba mwezi wa Juni, usinisimulie habari za baridi. Ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi, unakaa kitandani na wewe. Kifua cha mzee hakikuiweza hali ile baada ya miaka yote ya kusimama mbele ya jiko la mzungu. Kilichomwokoa ni sweta. Mzungu alipoondoka aliwagawia watumishi vitu vyake. Mmoja akapata meza, mwingine ndama, baba mkwe akapata sweta. Wenzake walimcheka. Yeye akalivaa, akarudi nalo milimani akiringa kama aliyepewa ng'ombe watano, na tangu hapo akawa halivui ila siku ya kufuliwa.

Aliyelifua ni wifi yangu. Alikuwa akirudi mtoni akisema, "Wifi, hili si sweta, hili ni manyoya ya kifaranga." Siku moja mzee hayupo alilinyanyua mbele ya upenyo wa jiko ili nilione bila kuligusa. Lilikuwa na rangi ya ulezi mkavu, na lilikuwa likimeta kidogo penye jua. Nikalitambua papo hapo.

"Hiyo ni alpaka," nikamwambia.

"Ndiyo nini?"

Nilijua kwa sababu usichana wangu nilisoma misheni, na pale palikuwa na bibi mmoja wa kizungu, mseja, mrefu, hasira zake karibu, aliyetufundisha kufuma. Sisi alitupa uzi wa kondoo. Uzi ule ulikuwa na mafuta mafuta, ukishinda nao mchana kutwa mikono inanuka zizi, na kofia yake ukiivaa unajikuna mpaka unaivua. Lakini chini kabisa ya kapu lake alikuwa na mabonge machache ya uzi mwingine, na hayo hatukuruhusiwa kuyagusa mpaka tumenawa mikono. Alituambia ni manyoya ya mnyama aitwaye alpaka, anayeishi kwenye milima ya mbali huko Amerika ya Kusini, mwenye shingo ndefu kama ngamia asiye na nundu. Akiudhiwa, anatema mate. Nikampenda mnyama huyo hapo hapo.

Uzi wake haukuwa na mafuta hata kidogo. Ulipita kwenye sindano bila kukwaruza, ukalala mkononi kama nywele za mtoto mchanga. Ni mwepesi, mtu anaweza kusahau kwamba amevaa, lakini joto lake linashinda blanketi mbili za dukani. Hauwashi shingoni. Yule bibi alisema kwao wanaufuma shali na soksi na kofia za vichanga, wanautia ndani ya makoti ya baridi kama bitana, na ukichanganywa na pamba unatoa kitambaa chepesi cheusi, kile cha makoti ambayo hata wachungaji na makarani wa huku waliyavaa juani bila kuzimia. Manyoya yenyewe yana rangi zake za kuzaliwa, nyeupe, kahawia, kijivu, nyeusi, hata huna haja ya kutia dawa.

Kasoro yake ni moja. Sufu ya kondoo ukiivuta, inarudi. Alpaka ukiivuta, hairudi. Ikilowa inakuwa nzito, na ukiitundika inajivuta kwa uzito wake yenyewe, inarefuka, inarefuka, na hakuna dawa. "Ifunge kwenye kitambaa, ibane maji yatoke, ilaze chini kivulini," alisema yule bibi. Aliyetundika alipigwa rula vidoleni. Mimi nilipigwa, kwa hiyo somo hilo lilinikaa. Nikamfundisha wifi, naye akawa analaza kivulini, na sweta likaishi vizuri.

Sasa nieleze lililonipata mimi.

Ulezi ulikuwa ndio kwanza unachipua shambani ndugu mmoja wa upande wetu alipopita Ibaba na chumvi yake ya kuuza. Alinikuta nateka maji, akaniambia kwa Kinyiha ili waliokuwapo wasielewe: "Mama yako hasimami tena. Anamuulizia mjukuu." Mama yangu alikuwa hajawahi kumwona binti yangu. Nilikuwa nimemzaa mtoto kule milimani, na kila mara nilisema nitampeleka mvua zikiisha, nitampeleka baada ya mavuno. Nilisimama pale na mtungi kichwani, maji yananimwagikia usoni, nisiyafute.

Kutoka Ibaba mpaka Ruanda si safari ya kufa mtu. Ni kupanda na kushuka, kuvuka mito, na kulala njiani kwa watu. Miguu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni ruhusa. Mke wa mtu haondoki hivi hivi, na mume akiwa mgodini ruhusa iko kwa baba yake. Na baba yake ndiye binadamu pekee duniani ambaye sikuruhusiwa kumwambia neno. Unauona mtego ulivyokaa? Ilibidi neno langu lipite kwa mama mkwe, na jibu lipite kwake.

Nikamwendea nikapiga magoti. "Mama, naomba unisemee kwa baba. Mama yangu anaumwa sana. Niende nikamwone, nimpelekee na mtoto amshike."

"Nitamwambia, mkamwana."

Siku zikapita. "Mama, baba amesemaje?"

"Amesema palilia ulezi kwanza."

Nikapalilia. "Mama, baba amesemaje?"

"Amesema uvune, shamba lisiliwe na ndege."

Nikavuna, nikapura, nikapepeta. "Amesema ngoja baridi ipungue, mtoto asije akapata kichomi njiani." Subira yavuta heri, ndivyo wasemavyo. Yangu ilivuta magugu tu.

Najua utauliza, mbona hukutoroka? Ningetoroka na nani? Mtoto ni wa ukoo ule, mahari ilikuwa imetoka. Na ng'ombe wale wa mahari kaka yangu alikwisha kuwaolea. Ningekimbia, wangedai ng'ombe wao, na ndoa ya kaka yangu ingebomoka na mkewe akiwa mjamzito. Nilikuwa kama kuku aliyefungwa mguu sokoni: anatembea, anadonoa, lakini hafiki mbali.

Nilimchukia yule mzee, sikufichi. Nilikaa jikoni moshi umejaa machoni, nikaitazama ile miguu yake juani, nikasema moyoni: wewe mzee umeumbwa na nini? Mama wa mtu anakufa, wewe unahesabu masuke ya ulezi?

Baridi ilipopamba moto, wifi yangu akaenda kwa shangazi yake kusaidia kuvuna. Siku hiyo sweta likafuliwa na mama mkwe. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji, mzee amekaa uani amejifunika shuka, anangoja vazi lake likauke. Kupitia upenyo nikamwona mama mkwe anarudi mtoni. Akalikung'uta. Akalitundika kwenye ua wa mianzi, kwa mabega, mikono inaning'inia, maji yanachuruzika.

Lo! Sasa nifanye nini? Kutoka siwezi, mzee yupo. Kupaza sauti siwezi, sauti ya mkamwana haiendi kwa mkwe. Nikakohoa. Mama mkwe akadhani ni moshi. Nikagonga mwiko kwenye chungu, nikagonga tena. "Utanivunjia chungu changu wewe!" akafoka. Nikamwinamia binti yangu sikioni: "Nenda kwa bibi, mwambie alaze nguo chini." Mtoto akatoka mbio kwa heshima zote, akafika katikati ya ua, akaona kuku ana vifaranga, basi. Safari ikaishia hapo.

Nikakaa nikatazama. Wewe umewahi kuona nguo inakua? Pindo lilianza juu ya jiwe la kunolea visu. Likashuka likaligusa jiwe. Likalifunika jiwe. Mikono nayo ikawa inatambaa kwenda chini kama mboga ya maboga. Mzee amelipa mgongo, anafurahia jua lake, hana habari. Mama mkwe anapita mbele yake na ungo, naye hana habari. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa khanga. Halafu nikagundua nalia, maana nilijiona mwenyewe: mtu mzima, mwenye akili zake na mikono yake, ameona kitu kinaharibika hatua chache mbele yake na hawezi kusema "acha".

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kuvaa kwake sikukuona, nilikusikia. Kwanza mama mkwe: "Likunje." Kisha: "Kunja na huku." Halafu mzee: "Mwanamke, umenivika gauni?" Kanisani hakwenda. Sweta lilimpita magoti, na shingo ilikuwa imefunguka hata bega moja likawa nje. Akarudia shuka lake. Baada ya siku chache kikohozi kikashuka chini zaidi, kikawa cha kukata pumzi, na uani pakakoma kusikika fimbo.

Wifi yangu aliporudi alilia, kisha akasema wazi mbele ya mama yake: "Hili linafumuliwa na kufumwa upya. Hapa nyumbani anayejua ni mmoja tu." Ni mimi. Nilikuwa nimekuja na sindano zangu za misheni kwenye kifurushi cha bibi arusi, nimezichomeka kwenye nyasi za paa. Lakini nitaligusaje vazi la mkwe? Mama mkwe alishika kichwa. Wakaitwa bibi wazee wa ukoo, wakakaa jikoni kwangu, wakala maharage yangu, wakalijadili jambo lile kama baraza la chifu.

Mmoja alisema haiwezekani, nguo ni ngozi ya mtu. Mwingine akasema, "Ikifumuliwa si nguo, ni uzi." Wa kwanza akauliza, "Na akiufuma tena?" Wakaendelea kutafuna. Yule mkongwe kuliko wote, asiye na jino hata moja, ndiye aliyekata shauri. Alisema ulezi ukishasagwa, unga hauulizwi ulitoka shamba la nani. Mama mkwe alifumue mwenyewe, auoshe uzi kwenye maji yanayokwenda, kisha uzi ule ni uzi tu. Mkamwana aufume vipande: mgongo peke yake, kifua peke yake, mkono na mkono. Kipande si nguo. Kuunganisha kuwa nguo, hiyo ni kazi ya mke wa mwenye nguo. Wote wakasema eeh, wakaomba maharage mengine.

Tukafanya hivyo. Mama mkwe alifumua akiwa amekaa mlangoni, uzi unatoka umejikunja kunja kama nywele za kusokota. Tukaulowesha, tukaulaza juu ya mkeka unyooke. Vipimo alinitengenezea kwa kamba ya mgomba: fundo hapa ni bega, fundo hapa ni kiuno, hapa urefu wa mkono. Ndivyo nilivyomjua baba mkwe kupita miguu yake. Nilikuwa nimemdhania mtu mkubwa. Kamba ilisema ni mwembamba, kifua chake hakizidi changu.

Nilichukua sindano nyembamba kuliko zote nilizokuwa nazo na nikafuma kwa kubana, maana alpaka ukiilegezea tu, inakulegezea na yenyewe. Pindoni na shingoni nikatia mistari ya kupanda na kushuka iishikilie nguo. Ile sufu haikuonyesha kwamba imevaliwa miaka na ikafumuliwa. Ilikuwa laini vile vile, na vidole vyangu vilivyopasuka kwa jembe na baridi vilipumzika ndani yake. Hata binti yangu alikuwa akija kuweka shavu juu ya kipande cha mgongo analala. Nakiri nilifurahi. Kisha nikawa naona haya kufurahi, mama yangu akiwa pale alipo.

Nikamaliza mgongo, kifua, mkono mmoja. Kila kipande nilipokikabidhi niliuliza: "Mama, baba amesemaje?" Na kila mara: "Ngoja baridi." Nikaanza mkono wa pili, nikafika kwenye kiwiko, na hapo kitu kikaniingia, sijui nikiite nini. Nikazichomoa sindano, nikazichomeka kwenye paa.

"Mbona umeacha?" akauliza mama mkwe.

"Nangoja baridi ipungue."

Alinitazama. Mimi sijawahi kumjibu vile mama wa mume wangu. Alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Siku zikapita. Kikohozi kinasikika mpaka jikoni, na mimi nasonga ugali nimekaza meno. Usidhani nilikuwa na moyo wa jiwe. Kila kikohozi kilinichoma, ila sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mchana mmoja nikasikia fimbo. Haikuja uani, ilizunguka nyuma ya jiko, mahali alipofungwa mbuzi jike wetu. Nikageukia ukuta haraka na kujifunika.

"Wewe mbuzi," ikasema sauti upande wa pili wa mianzi, kwa taabu, pumzi inakatika. "Mimi ni mzee na kifua kinaniuma. Naambiwa sweta limebaki mkono mmoja na fundi ameweka sindano chini. Mbuzi, niambie, fundi nimemkosea nini?"

Mbuzi alikuwa anatafuna maganda. Ndiyo ilikuwa njia ya watu wale. Asiyeruhusiwa kusema na mtu husema na mnyama au kitu, na mwenye masikio asikie, ila anayeanza ni mkubwa, si mkamwana. Nikayageukia mafiga yangu.

"Enyi mafiga, nyinyi mmekaa na mimi, mmeona. Si kweli kwamba mama yangu anakufa Ruanda? Si kweli niliomba ruhusa ulezi ukiwa unachipua? Nikaambiwa nipalilie, nikapalilia. Nivune, nikavuna. Ningoje baridi, nikangoja. Sasa mafiga, mtu aliyenikatalia mara zote hizo anauliza amenikosea nini?"

Kikohozi kikakoma.

"Mbuzi," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa nyingine. "Nimekataa lini? Neno hili nalisikia leo."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Ungo ukamponyoka, ulezi ukatapakaa sakafuni. Mzee akamwita, na huyu aliweza kumwita waziwazi. Akamuuliza kwa nini. Mama mkwe akalia kama mtoto. "Mke wa mwanao mkubwa si alikwenda kwao kumzika babu yake? Alirudi? Hakurudi! Nikabaki na mashamba na mgongo huu. Na huyu akienda na mtoto, nani atanibakia?" Nilitaka kumchukia yeye sasa, badala ya mzee, lakini nilimwona anaokota ulezi punje kwa punje huku machozi yanadondoka humo humo, chuki ikanifia nusu.

"Mbuzi," akasema mzee, "kesho kukicha fundi aende. Wifi yake amsindikize mpaka mtoni. Asiende mikono mitupu, afungiwe unga na kuku."

Nikapiga magoti pale pale penye majivu. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Na mtoto abaki."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mafiga," nikasema, "mama yangu anamuulizia mjukuu. Hajamwona. Macho yake yanamtaka mtoto."

"Mtoto abaki, mbuzi. Mtoto akibaki, mama yake atarudi. Si mimi ninayemfunga, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya." Na alisema kwa upole! Hilo ndilo lililonimaliza. Angefoka, ningejua pa kumshika. Nikasikia fimbo inaondoka polepole, inasimama kukohoa, inaondoka tena.

Nilizichomoa sindano kwenye paa, nikaumaliza ule mkono kabla jua halijazama. Niliufuma kwa hasira, na nakwambia haukuwa na kosa hata moja. Mama mkwe akaunganisha vipande bila kuninyanyulia macho. Wifi yangu alinieleza baadaye kwamba lilimkaa mzee barabara, na kwamba alilala nalo.

Asubuhi binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anapanga maharage mekundu upande huu na meupe upande ule. Sikumuaga. Ukimuaga mtoto analia, na kama angelia nisingevuka hata kizingiti. Mama mkwe alimpakata, akamfunika macho kwa mkono kana kwamba wanacheza, nikapita. Mpaka mtoni wifi alinishika mkono. Baada ya hapo nilitembea peke yangu, na mgongo wangu ulikuwa mwepesi mpaka nikawa nainama mbele bila sababu, kama niliyemzoea mtu aliyekuwa juu yake. Njia nzima nilikuwa napanga neno moja: nikifika, sirudi. Waje wachukue ng'ombe wao, kaka yangu anisamehe, watampata mtoto wao na mimi nitampata mama yangu. Halafu hatua chache mbele namkumbuka na maharage yake, napanga upya.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na moto, mdogo mno, macho yamefunikwa na ukungu. Niliingia nikapiga magoti nikamwamkia. Hakuniambia karibu. Alinyoosha mkono, akaupitisha begani kwangu, akapapasa mgongoni, chini ya khanga, mahali pa mtoto. Akapapasa huku, akapapasa kule. Kisha mkono ukatulia.

"Wamembakiza," akasema. Hakuwa anauliza.

"Wamembakiza, mama."

Nikaanza kulitoa lile neno nililolibeba njia nzima. "Mama, mimi kule sirudi tena. Nitakaa hapa nikuuguze mpaka..."

"Ngoja," akanikatiza. "Bibi yako alipokuwa anakufa, mimi nami wakwe zangu waliniruhusu hivyo hivyo. Nilikaa mpaka tukamzika, nikakaa na matanga, nikakaa tena kwa sababu nilikuwa na uchungu nao. Niliporudi, mtoto niliyemwacha alinikimbia. Alijificha nyuma ya mama mkwe wangu, ananichungulia kama mgeni. Mvua zilinyesha zikakoma, zikanyesha tena, ndipo akaja kwangu kwa miguu yake."

Mama yangu alizaa watoto wengi, na wengine walikufa wadogo. "Ni mtoto yupi huyo, mama?"

"Ni wewe," akasema. "Kwa hiyo usikae sana."

Nilimwogesha, nikamkanda miguu kwa mafuta, nikamsimulia mjukuu wake alivyo, meno yake, hasira zake, anavyoyapanga maharage. Alicheka nilipofika kwenye hasira za mtoto. Asubuhi ya tatu yeye ndiye aliyeniamsha niondoke.